Gari Lililochemka Visiga Tu

Watu wa Visiga waliomfahamu Mbaraka Saburi enzi zile za foleni za sukari watakwambia kwamba alikuwa dereva mzuri, mchapakazi, mtu wa swala tano, na mwongo. Hilo la mwisho watalitamka kwa upole, kama mtu anayetaja kilema cha ndugu yake, na watawahi kuongeza kwamba uongo wake ulikuwa mmoja tu. Ni kweli. Ila ulikuwa uongo wenye magurudumu manne, na ulikuwa ukinywa maji ndoo kwa ndoo.

Mbaraka alizaliwa vijiji vya nyuma ya Mlandizi, Mzaramo baba na mama. Alikuwa amefiwa na mkewe zamani, na umri wake ulikuwa ule wa mtu ambaye ujana umeshamuaga lakini yeye hajaitikia. Alivaa kofia ya kaki yenye ukingo mbele, akaivaa mvua na jua, na wenziwe walimsingizia kwamba hata bafuni aliingia nayo. Kazi yake ilikuwa kuendesha Land Rover ya mradi mmoja wa mikorosho uliokuwa na ofisi pale Kibaha, na abiria wake wa kila siku alikuwa Bwana Didas, bwana shamba kutoka Bukoba.

Bwana Didas alikuwa na hofu mbili maishani: kufa mbali na kwao, na kuharibu mali ya umma. Kwa ajili ya hofu ya pili alikuwa ametoa amri isiyo na mjadala. Mshale wa joto la injini ukigusa wekundu, gari lisimame hapo hapo, hata kama wako mlangoni kwa mkuu wa mkoa. Mbaraka akaitikia, "Sawa, mzee," na kwa muda mrefu amri ile haikumsumbua mtu.

Siku moja wakitoka mashambani alasiri, wanaingia Visiga, mbuzi akakatiza barabara. Mbaraka akamkwepa, gurudumu likatumbukia kwenye shimo lililokuwa pembeni mwa lami, gari zima likaruka na vichwa vyao vikagonga turubai. Lilipotua, mshale ulikuwa umelala kwenye wekundu.

"Simama!" alipiga kelele Bwana Didas. Mguu wake mmoja ulikuwa umeshatoka nje.

Dereva yeyote wa miaka mingi anajua kwamba maji hayachemki kwa kufumba na kufumbua. Mshale wa joto hupanda polepole. Mshale unaoruka ni mshale uliodanganywa. Mbaraka alilijua hilo, akafungua kinywa alieleze, na hapo ndipo alipotoka Biasha.

Alitoka kwenye kibanda cha makuti alichokuwa akikaangia mihogo kando ya barabara, ndoo ya maji kichwani, amejifunga khanga kiunoni na amekunja uso.

"Mnanitimulia vumbi kwenye mihogo yangu, halafu mnataka maji?" alisema, ingawa hakuna aliyekuwa amemwomba. "Haya, shikeni. Nimeyateka bondeni kwa miguu yangu, msiyamwage ovyo."

Mbaraka alifunua boneti. Akafungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, kwa tahadhari zote, kama inavyotakiwa. Hakuna mvuke. Maji yamejaa hadi shingoni, uvuguvugu wa kuogeshea mtoto. Akageuka kumtazama yule mwanamke aliyesimama na jasho lake akisubiri kuona maji yake yakifanya kazi, na ulimi ukamshinda. Utamwambiaje mtu kama huyo kwamba amejitwika bure? Akazunguka na ndoo upande wa pili wa gari, akainama kama anayemimina, akayamwaga yote chini kwenye ua wa yule mwanamke, penye mche mmoja wa mpapai uliokuwa umenyong'onyea. Kwa hiyo uongo ule ulizaliwa kwa adabu. Kilichoulea hadi ukaota meno ni kitu kingine.

"Limepoa?" Biasha aliuliza.

"Limepoa, dada. Mungu akubariki."

Biasha akacheka kidogo, akampa muhogo wa moto kwenye kipande cha gazeti. Boneti ilipofungwa kwa kishindo, mshale ukarudi chini wenyewe. Mbaraka alifika Kibaha bila kukumbuka njia aliyopita.

Kesho yake asubuhi, kabla ofisi haijafunguliwa, alimtafuta mchawi. Ndani ya injini, upande wa juu, kuna kidude cha shaba kinachoitwa kipima joto. Kichwa chake kimezama kwenye maji, mkia wake una waya, na kazi yake ni kuupelekea mshale habari za joto. Mbaraka aliwasha swichi bila kuwasha injini, akagonga kipima joto kwa mpini wa spana, na mshale ukaruka hadi kwenye wekundu. Akachomoa waya. Mshale ukaanguka chini. Basi waya ni mzima, kwa sababu waya ungekuwa umechubuka njiani mshale ungebaki juu. Akakifungua kidude chenyewe, akamwomba Mwamini, muuza chai wa pale uani, sufuria ya maji ya moto.

"Unapika vyuma siku hizi?" aliuliza Mwamini.

"Nachemsha dawa, dada."

Akakifunga waya wake, akakiunga na injini kwa waya mwingine, akakitumbukiza kichwa. Mshale ukapanda taratibu, kwa heshima, ukasimama mahali pake. Akakigonga. Ukaruka juu. Akakigonga tena, ukarudi. Akakitikisa sikioni na kusikia kitu kikicheza ndani. Ugonjwa ukawa wazi kabisa: kitu cha ndani kilikuwa kimelegea, kikitikiswa kinagusa ganda lake, na mshale unaletewa habari za moto usiokuwepo.

Kipuri kipya hakikuwepo Kibaha, na Dar es Salaam walisema kingekuja meli ikija. Hata hivyo Mbaraka alipaswa kumwambia bosi wake ukweli, achomoe ule waya, na wawe wakipima maji kwa mkono hadi hiyo meli ije. Alisimama na kile kidude kiganjani. Akaufikiria muhogo. Akaifikiria khanga iliyofungwa kiunoni. Kisha akakirudisha kidude mahali pake, akakikaza vizuri, na akasema peke yake, "Masikini, ngoja kwanza kipuri."

Tangu siku hiyo Land Rover ya mikorosho ikawa na ugonjwa wa ajabu. Ilipanda vilima vya Kisarawe ikiwa na magunia na haikulalamika. Ilivuka michanga ya Mlandizi saa ya jua kali na mshale ukakaa kimya. Ikifika Visiga, penye lile shimo, inachemka. Mbaraka alikuwa amelizoea shimo lile hata alijua upande gani unaruka zaidi. Bwana Didas angepiga kelele, gari lingesimama, Biasha angekuja na ndoo, na mpapai ungekunywa. Kisha, wakati wa kuondoka, Mbaraka angeinama chini ya boneti, angekigonga kidude kwa mpini wa spana, na mshale ungerudi.

Bwana Didas naye, tuseme ukweli, hakuumia. Injini ikisubiri kupoa yeye alikuwa akiletewa kisamvu cha nazi, na mtu aliyekuja Pwani akiapa kwamba hakuna chakula zaidi ya ndizi sasa alikuwa akiuliza tangu asubuhi, "Mbaraka, unadhani leo gari litatuvumilia?" Akiuliza hivyo, macho yake yalikuwa yakiomba jibu baya.

Mwenye nyumba iliyokuwa nyuma ya kile kibanda alikuwa Mzee Mwinyijuma, mjomba wake Biasha, na neno la Biasha kuolewa lilikuwa mkononi mwake. Mzee huyu hakuwataka madereva. Mume wa kwanza wa Biasha alikuwa dereva wa lori la kwenda Zambia, na baada ya miaka ikagundulika kwamba alikuwa na mke mwingine Tunduma na wa tatu njiani. Mzee akamrudisha mwanawe nyumbani na kuapa mbele ya watu: dereva hashuki garini, na mtu asiyeshuka garini hamuoi mtoto wa dada yangu. Lakini mgonjwa akikuangukia mlangoni humfukuzi, hata akiwa gari. Kwa hiyo alitoka kila mara, akakaa kwenye kigoda katikati ya Biasha na Mbaraka, na kusema, "Tunangoja lipoe," na mazungumzo yote yakampitia yeye.

Mbaraka akawa anakaa pale, kofia gotini, amejaa maneno na hana pa kuyaweka. Alimpenda yule mwanamke. Alipenda ukali wake, na jinsi alivyokuwa akicheka kidogo tu, kama anayeibania akiba. Miezi ikapita. Ndoo zikapita. Mpapai ukawa mrefu kuliko boneti, na yeye hakuwa amesema neno hata moja la maana.

Wakati huo Matano, meneja wa duka la kijiji, alikuwa akisema kwa njia nyingine. Sukari dukani kwake haikuwepo wiki nzima, lakini kila alipokuja kumsalimu Mzee Mwinyijuma ilikuwepo kwapani mwake, imefungwa vizuri. Sabuni vilevile. Mzee hakumpenda sana, ila alipenda chai tamu, na Matano hakuwa na gari.

Kisha meli ikaja. Bwana Didas alipata kipima joto kipya kwa shemeji yake wa bandarini, akakishika kama aliyeokota dhahabu, na kwa kuwa dhamiri yake ilikuwa imelishinda tumbo, akamwamuru Mbaraka apeleke gari Kisarawe kwa fundi Isihaka.

Isihaka alikuwa Mnyamwezi wa Tabora. Hapo msomaji wa Pwani ameshacheka, lakini asiyejua na ajue: Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Mtani anaweza kukutukana msibani ukiwa unalia, akachukua kuku wako akala, akasema mbele ya wakwe zako jambo ambalo ndugu yako angelificha, na wewe huna ruhusa ya kununa. Mbaraka alipoingiza gari uani, Isihaka alisema, "Karibu, mtumwa wangu," na Mbaraka akajibu, "Ahsante, mpagazi wangu," na wakapeana mikono kwa furaha.

Isihaka aliinama kwenye injini. Akachomoa waya, akatazama mshale. Akakigonga kidude. Kisha akapitisha kidole gumba juu ya shaba.

"Mtani," alisema, "kipima joto hiki kimepigwa mara nyingi, mahali pamoja, taratibu. Mtu mwenye gari bovu hulipiga kwa hasira, huku na huku. Hiki kimepigwa kwa mapenzi. Anaitwa nani?"

Mbaraka alijaribu kukohoa. Halafu akasema yote: shimo, ndoo, mpapai, mjomba, sukari ya Matano. Akaomba kipya kipotee walau hadi Idi.

Isihaka alicheka hadi akakaa chini. Alipoinuka alikifungua cha zamani, maji kidogo yakamwagika, akalifuta tundu lake kwa kitambaa, akakikaza kipya na kuunga waya. Cha zamani akakitia mfukoni. Kisha akamvua Mbaraka kofia, akaivaa yeye.

"Hii nimeiteka. Wiki hii nitakuja Kibaha kulijaribu gari barabarani. Nitakusaidia au nitakuangamiza, bado sijaamua."

Kesho yake alasiri, wakiingia Visiga, Mbaraka alilifuata lile shimo kwa makusudi, kichwa wazi, akatumbukia humo kwa nguvu zote. Bwana Didas akagonga turubai. Wote wawili wakatazama mshale. Ulikuwa umetulia mahali pake kama mtu aliyeshiba.

"Safi sana," alisema Bwana Didas, kwa sauti ya mtu aliyefiwa. "Twende tu."

Biasha alikuwa ameshatoka, ndoo kichwani. Mbaraka alimwona kwenye kioo cha pembeni akisimama, akitazama vumbi, kisha akiishusha ile ndoo chini mwenyewe. Iliuma. Aliendesha hadi Kibaha, na alipofika alikaa ndani ya gari lililozimwa bila sababu yoyote ya kukaa.

Ijumaa asubuhi Mwamini alimmiminia chai na kumwambia alichokisikia kwa shoga yake wa Visiga: leo baada ya swala Matano anakwenda kuchukua jibu. Mbaraka hakuinywa ile chai. Na kabla haijapoa akatokea Isihaka, kofia ya kaki kichwani, akidai gari lake la majaribio.

Walikwenda watatu, mara tu baada ya swala ya Ijumaa. Bwana Didas alisema anakwenda kusimamia mali ya umma, akakaa mbele. Shimo lilipopigwa mshale haukucheza, lakini Isihaka alipiga kelele kutoka nyuma, "Simama hapo! Kuna mgonjwa!"

Mzee Mwinyijuma alikuwa barazani na Matano, fungu la sukari katikati yao. Wageni walipanda, Mbaraka akatoa shikamoo, ikaitikiwa. Biasha alichungulia mlangoni. Isihaka hakusubiri kukaribishwa. Alikaa mkekani, akatoa kile kidude cha shaba mfukoni, akakiweka juu ya sukari ya Matano.

"Mzee wangu, mimi mtani wenu nimeleta maiti," alisema. "Huyu ndiye aliyekuwa akichemka hapa kwenu mwaka mzima. Hakuwahi kuchemka. Kalegea tu ndani, kama mwenyewe." Akamnyooshea Mbaraka kidole. "Mtu wako huyu analiingiza gari la serikali shimoni kwa makusudi ili amwone mtoto wako. Mwoga! Kachemsha injini kwa sababu kashindwa kufungua mdomo."

Mbaraka alitamani lile shimo lingekuwa refu zaidi.

"Mbaraka!" Bwana Didas alianza, mishipa imemtoka. "Mali ya umma—"

"Na kisamvu ulichokuwa ukila, bwana shamba, kilikuwa mali ya nani?" aliuliza Isihaka.

Bwana Didas akaanza kuchunguza kucha zake. Mzee Mwinyijuma mabega yalikuwa yakimtikisika. Alijizuia kwa heshima ya kigoda chake, ikashindikana, akacheka hadi akafuta macho. Lakini Biasha alipotoka mlangoni yeye hakuwa akicheka.

"Mimi nilijua," alisema. "Tangu ndoo ya pili. Gari lililochemka lina harufu na lina kelele, na hili halikuwa na hata joto. Na mpapai wangu haujitekei maji." Akamgeukia Mbaraka. "Nikasema, ngoja nione ana lipi la kusema. Nimengoja mwaka. Kisima kiko bondeni, kaka Mbaraka. Kila ndoo nimepanda nayo kilima kwa shingo yangu, wewe unamwaga, halafu unakaa kimya. Hukuona hata siku moja kwamba mimi ndiye ninayechoka?"

Hapo ndipo Mbaraka alipoumia kweli. Katika mwaka mzima alikuwa ameogopa mjomba, ameogopa Matano, ameogopa meli, na hakuwa amekifikiria kile kilima. Aliinuka. Hakuwa na kofia ya kushika, mikono ikakosa kazi.

"Sikuona," alisema. "Nilikuwa najiona mimi tu. Nisamehe, Biasha. Nilitaka kusema nakutaka unioe— nikuoe, na kila siku nikasema limepoa."

Matano alicheka kwa dharau. Biasha hakumjali. Aliingia ndani, akarudi na ndoo tupu na kata ya khanga ya kujitwikia, akaviweka miguuni pa dereva.

Miaka ile Visiga mwanamume mzima hakujitwika maji kichwani. Aliyalipia, au aliyafunga kwenye baiskeli. Mbaraka alitazama ndoo, akatazama barabara iliyojaa watu waliotoka msikitini. Akatoa ufunguo wa gari mfukoni, akamkabidhi Bwana Didas, akaokota ndoo na ile kata na kushuka bondeni kwa miguu.

Alipopanda, kijiji kizima kilikuwa kando ya njia. Wengine walipiga vigelegele, wengine walimwuliza bei. Isihaka alitembea mbele yake na ile kofia ya kaki, akitangaza, "Mpisheni, linachemka! Linachemka kweli leo!" Shati la Mbaraka lilikuwa limelowa, nusu kwa maji na nusu kwa jasho, na shingo ilikuwa ikimtetemeka. Aliyamimina mtungini yaliyobaki, akashuka tena. Aliporudi mara ya pili hakuna aliyekuwa akicheka sana. Alishuka ya tatu bila kuambiwa.

Mzee Mwinyijuma alimtazama akipanda, kigoda kimegeuzwa kuelekea kilima. Kisha akachukua kile kidude cha shaba juu ya fungu la sukari, akakitia mfukoni mwa kanzu yake, na fungu akalisukuma taratibu mbele ya Matano.

"Mwanangu, hii rudisha dukani, watu wana watoto," alisema. Akamwita Biasha. "Huyu ameshuka garini. Mengine sema mwenyewe."

Biasha alichota maji ya mtungini kwa kata ya kifuu, akamwendea Mbaraka aliyekuwa ameegemea mpapai akihema mdomo wazi. Hakumpa mara moja. Aliweka kiganja kwenye paji la uso wake, kama anavyopima mtu rejeta, akakiacha hapo.

"Limepoa?" aliuliza.

"Bado," alisema Mbaraka, na huo ulikuwa ukweli.